Mkeka wa Mbao na Dari ya Jirani

Hebu kwanza kila mtu aangalie chini, hapo alipoweka miguu yake. Ndiyo, hata wewe mama wa mstari wa nyuma uliyeanza kusinzia mapema. Mnaona nini? Sakafu. Imepigwa deki, inang'aa, tunawashukuru kina mama wa zamu. Sasa niambieni, chini ya sakafu hiyo kuna nini? Mmenyamaza. Hakuna anayejua, na wala hakuna aliyewahi kuuliza. Basi leo nataka tuongee habari za sakafu, na anayedhani nimeishiwa la kuhubiri avumilie kidogo.

Alikuwepo mama mmoja katika jiji moja. Jina lake silitaji, kwa sababu nawafahamu. Nikilitaja mtaanza kugeuza shingo kumtafuta humu ndani. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, kiti chake kanisani hakikukaa kitupu. Aliishi katika zile fleti za zamani zilizojengwa kabla ya uhuru, zenye kuta nene na ngazi nyembamba zinazopinda, ambazo ukikutana na mwenzako amebeba ndoo mmoja wenu lazima arudi nyuma. Yeye alikaa ghorofa ya kwanza. Chini yake alikaa mzee mmoja mjane, mstaafu wa bandarini, mtu wa taratibu zake, macho yameanza kumpungukia.

Mama huyu alikuwa na binti mmoja tu, na binti amepata mchumba. Jamaa za mchumba walikuwa watu wa kujiweza. Wakatuma habari kwamba Jumamosi wanakuja kuleta posa. Nyie kina mama mnajua habari kama hiyo inavyoingia mwilini. Furaha inakuja na homa yake. Mama akaingia sebuleni, akasimama katikati, akaitazama nyumba yake kwa macho ya wakwe. Mapazia yanafuliwa. Kuta zinapakwa rangi. Lakini sakafu! Ilikuwa ile simenti nyekundu ya kizamani, iliyosuguliwa kwa nta na kumbi la nazi tangu enzi za mama yake. Sasa imejaa nyufa, na kona iliyo karibu na bafu imegeuka nyeusi. Akajisemea, "Wakwe wakanyage hii? Si watasema mtoto wao anaoa kwenye gofu?"

Akaita fundi wa kuweka mkeka wa mbao. Mnaujua? Si mbao na wala si mkeka. Ni vinaili nene iliyochorwa mistari ya mbao, inakuja kwa vipande virefu, inabandikwa kwa gundi. Ukiitazama utaapa umeingia kwenye hoteli. Na mama alichagua ile ya gharama, si ile ya kukunjwa kama jamvi.

Fundi alikuja, akapiga magoti. Akagonga sakafu kwa mpini wa nyundo huku na huku, akisikiliza. Akakwangua nta ya miaka na miaka. Alipofika kwenye ile kona nyeusi, akasimama. Akatoa kipande cha nailoni kwenye mfuko wake, akakilaza pale juu ya simenti, akakibandika kwa utepe pande zote nne, hata hewa isipite.

"Mama, hii usiiguse mpaka kesho," akasema. "Kesho nikikuta nailoni kavu, naweka. Nikikuta imetoa jasho kwa ndani, siweki."

"Kwa nini usiweke, fundi? Si unaweka juu tu?"

"Hii sakafu yako mbovu unayoiona, mama, ina kheri moja. Inapumua. Unyevu ukiwepo chini, unapanda na kukauka wenyewe. Hii vinaili haipitishi pumzi. Na maji hayakubali kufungiwa. Ukiyazibia juu, yatatafuta njia ya chini."

Mama akaitikia vizuri, "Haya, fundi." Lakini kuna jambo alilijua ambalo fundi hakulijua.

Miezi kadhaa nyuma, yule mzee wa chini alipanda ngazi polepole, akabisha hodi, akasema kwa adabu zake, "Mama, samahani kukusumbua. Kuna doa linatambaa kwenye dari yangu, juu ya kitanda. Nimeona nikuulize, pengine bomba lako la bafuni linavuja?" Na mama akamjibu, "Kwangu kukavu kabisa, Mzee. Majengo haya ya zamani, wewe mwenyewe unayajua. Doa hilo ni la kale. Paka chokaa, litaisha." Mzee akashukuru. Akashuka, akanunua chokaa, akapaka. Alimwamini, ndugu zangu. Kwa nini asimwamini? Alikuwa akimwona Jumapili akitoka kusali.

Kesho yake asubuhi, kabla fundi hajafika, mama akaiendea ile nailoni. Akainama. Kwa ndani ilikuwa imejaa matone, makubwa, yameshikana, mengine yameanza kutiririka. Bomba lilikuwa linavuja, na alijua tangu zamani kuwa linavuja. Kulitengeneza kungetaka kuvunja bafu na nusu ya sebule, na Jumamosi ilikuwa inakuja.

Mngefanya nini nyinyi? Msinijibu haraka. Jibu la haraka ni la watu ambao hawangoji wakwe.

Mama akabandua utepe upande mmoja. Akaikausha nailoni kwa kanga yake, akaikausha na simenti iliyokuwa chini yake. Akaleta feni, akaielekeza pale mpaka kona ikapauka. Kisha akabandika utepe tena, akaukandamiza kwa kidole gumba. Alikuwa bado anapangusa vidole aliposikia hodi.

Fundi akaingia moja kwa moja hadi kwenye kona. Akaitazama nailoni. Akapitisha kidole juu ya utepe, upande huu, upande huu, akafika upande ule wa nne. Kidole kikasimama.

"Mama, hapa pamefunguliwa?"

"Paka," mama akasema. "Paka alikuwa anapachakura pale."

Fundi akatazama huku na huku, asione paka. "Ningependa tujaribu tena siku moja zaidi."

"Fundi, wageni wanakuja Jumamosi. Umesema ukikuta kavu unaweka. Si kavu hiyo?"

"Kavu." Akaugusa utepe tena. "Chini yako anakaa nani?"

"Mzee mmoja tu."

"Hajalalamika kitu?"

"Hajasema lolote."

Fundi akashusha pumzi. "Haya. Mimi nimekuuliza, mama." Akafungua kopo la gundi. Naye msimwache akapita hivi hivi. Wako watu wengi wa "mimi nimekuuliza" katika dunia hii, nao wanalala usingizi mzuri sana.

Basi sakafu ikawekwa. Na ilipendeza! Kipande kwa kipande, mistari ikafuatana, ikakandamizwa kwa rola mpaka hakuna pa kuingiza hata ukucha. Majirani walikuja kuitazama kwa kuvua viatu mlangoni. Mama alitembea juu yake peku, akisikia ubaridi wake laini, na ile kona nyeusi haikuonekana tena. Nani angejua?

Siku ya Ijumaa alishuka chini kwa mzee kuazima viti. Mzee akamkaribisha kwa furaha, akaanza kuvitoa viti kimoja kimoja. Mama, akisubiri, akainua macho. Juu ya kitanda cha mzee, ile dari iliyopakwa chokaa ilikuwa imevimba. Plasta ile nene ya zamani imeshuka katikati kama mkate uliozidi hamira, na kando yake umepita ufa unaozunguka. Akatazama kitanda. Kwenye mto kulikuwa na punje nyeupe za chokaa, zimedondoka.

Mzee akamwona amesimama. "Macho yangu haya, mama, siku hizi hata sioni vizuri. Kuna kitu?"

Jibu lilikuwa pale mdomoni. Nusu ya sentensi ingetosha. "Mzee, leo usilale hapa." Basi.

Akachukua upindo wa kanga, ileile kanga, akakung'uta mto. "Vumbi tu, Mzee."

"Mungu akubariki," mzee akasema. "Na sikiliza, kesho kama kuna mgeni wako ambaye ngazi zinamshinda, mleteni kwangu apumzike. Msione haya."

Mama akasema asante huku amekwishatoka, kiti huku na kiti huku, akijiambia kwamba Jumatatu ataita fundi wa bomba. Jumatatu. Shetani, ndugu zangu, hana haja ya kutukataza kutenda mema. Anatupangia Jumatatu.

Jumamosi ikafika. Vigelegele ngazini, manukato, vikapu vimefunikwa vitambaa. Wakwe wakaingia, wakavua viatu, wakakanyaga ile sakafu, na mama akaona kwa macho yake jinsi walivyotazama chini kisha wakatazamana. Wameipenda. Akahisi kimo kimemwongezeka. Wakaketi, mshenga akasimama, akakohoa, akaanza kusema. Nanyi mnajua, mshenga akisimama hakuna mwingine wa kusimama. Hata mtoto akilia hubembelezwa hapohapo.

Mjomba wa binti alikuwa amechelewa kupanda. Akaingia kwa kunyata, akaketi kando ya mama, akamnong'oneza, "Yule bibi mzaa baba wa bwana harusi, magoti yamegoma. Ngazi zimemshinda. Lakini usiwe na wasiwasi, mzee wa chini kampokea. Tumemlaza kitandani kwa mzee, apumzike mpaka tumalize."

Kitandani kwa mzee.

Mama alikuwa ameshika birika la chai. Akaliweka birika mezani. Mshenga anaendelea, "Tumeona ua katika nyumba hii..." Wakwe wanatabasamu. Binti ameinamisha uso. Mama akajiambia, haitaanguka sasa. Imekaa miezi, itaanguka leo? Ngoja amalize. Akivuta tu pumzi, nitashuka kama ninakwenda kumwamkia bibi.

Hapo akahisi ubaridi mguuni. Akatazama chini. Pale konani, kwenye maungio ya vipande viwili, mstari mwembamba wa maji ulikuwa umejitokeza. Gundi ilikuwa imeachia. Akaukanyaga. Ndugu zangu, aliukanyaga kwa mguu wake ili wakwe wasiuone! Na alipokanyaga, kile kipande kikazama kidogo, na maji yaliyokuwa chini yake yakarudi yalikotoka. Akasikia moyoni sauti ya fundi, ukiyazibia juu yatatafuta njia ya chini. Kumbe anayasukuma mwenyewe. Kwa kisigino chake anayasukumia kwenye ile dari, na chini ya dari amelala mama wa watu.

Akasimama.

Mshenga akanyamaza katikati ya neno. Sebule nzima ikamgeukia. Kaka yake akamvuta kanga, "Keti!" Hakuketi. Akatoka mbio, peku, ngazi zile nyembamba, akaingia kwa mzee bila hodi. Bibi alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, mikono kifuani, na juu yake lile tumbo la dari limening'inia.

"Mama, inuka! Inuka, mama yangu!"

"Kuna nini, mwanangu?" bibi akauliza kwa uzito wa usingizi. "Wameshamaliza?"

Hakumjibu. Akamkumbatia kifuani, akamvuta, akamkokota hadi mlangoni, kilemba kikamvuka bibi wa watu. Wakati huo wakwe wote walikuwa wameshuka, wamejazana kwenye korido, mshenga mbele. Mjomba akasema kwa hasira, "Dada, umetuaibisha! Una nini?"

Na hapo, mbele ya wakwe, mbele ya mshenga na vikapu, mama akanyoosha kidole juu. "Dari hii imejaa maji. Maji ni yangu. Bomba langu linavuja, nami nilijua. Nimelifunika kwa sakafu mpya ili msione."

Hapa ndipo alipokuwa akipaogopa tangu mwanzo, hapahapa. Kwa ajili ya dakika hii alifuta nailoni, akasingizia paka, akakung'uta mto, akakanyaga maji. Na unajua yule bibi alisema nini? Alifunga kilemba chake taratibu, akasema, "Kumbe ni hilo tu? Mwanangu, nyumba ya zamani isiyovuja ni ipi? Kwangu masika ikija tunapanga masufuria mpaka chumbani." Mshenga akacheka. Wakwe wakacheka. Mmoja akamshika bega, "Umemwokoa mama yetu, tunakushukuru." Aibu aliyoikimbia muda wote ule haikuwa hata na meno.

Mama akapumua. Machozi ya nafuu yakamtoka. Akageuka, akamwona yule mzee. Alikuwa amesimama kando ya kitanda chake, bado ameshika gilasi ya maji aliyokuwa anamletea bibi.

"Samahani, Mzee, nimeingia bila hodi."

"Umefanya vyema kumkimbilia bibi," mzee akasema. Hakupaza sauti. "Lakini nikuulize, mama. Jana ulisimama hapo ulipo. Uliitazama dari, kisha ukanikung'utia mto. Nami usiku nikaulalia mto huohuo." Akaweka gilasi mezani kwa kupapasa. "Mbona kwangu hukuja mbio?"

Jibu la kumpa mama nimelitafuta mimi mwenyewe, sina.

Naona nyuso zenu. Mnangoja niwaambie kwamba dari iliporomoka. Haikuporomoka. Mafundi waliibomoa kwa nyundo baadaye, na ule mkeka wa mbao ukang'olewa wote, na binti akaolewa vizuri. Au mlitaka ianguke kwanza ndipo kosa liwe kosa? Kosa lilikwishatimia siku ile fundi alipouliza, "Chini yako anakaa nani?" na mama akajibu, "Mzee mmoja tu."

Hilo "tu" ndilo lililonifanya nisimame hapa leo. Mama yule hakuwa na moyo wa jiwe. Moyo alikuwa nao, na miguu ya kukimbia alikuwa nayo, mmeiona. Alipolala chini ya dari mtu mwenye heshima, mtu ambaye kuumia kwake kungevunja ndoa, mama hakuweza kukaa hata mshenga amalize neno. Alipolala mzee mmoja tu, aliweza kungoja mpaka Jumatatu.

Na sisi je? Tusimtazame yeye, amekwisha kuulizwa swali lake. Sisi tuna nani wa "tu"? Msichana wa kazi tu. Mlinzi tu. Mpangaji tu. Mama mkwe tu, wa upande wa pili. Ndugu yule ambaye hajafanikiwa. Tunajua kabisa kinachomdondokea kutoka kwetu. Maneno tuliyosema yakamfikia, ahadi tuliyoivunja akakosa pa kushika, hasira za kazini tunazokuja kuzimwaga nyumbani. Akija kwa adabu kutuuliza, tunamwambia doa ni la kale, paka chokaa. Tunampa yeye kazi ya kupaka! Kisha Jumapili tunakuja hapa na sakafu zetu mpya, tunang'aa, tunaulizana habari, na sote ni wazima kabisa. Nailoni zimekauka. Tumezifuta asubuhi kabla hatujatoka nyumbani.

Msiniambie kwamba mtatubu hapa mbele. Hapa mbele ni rahisi, hapa sisi ni wakwe kwa wakwe. Tutacheka, tutashikana mabega, tutasema nyumba ya zamani isiyovuja ni ipi. Amri ya jirani tunaijua kwa moyo tangu utotoni, na haikusema jirani wa hadhi gani. Mungu yuko hapa, ndiyo. Lakini nahofia kwamba leo amekaa zaidi kule chini, juu ya kitanda kile, anatazama dari yetu ikivimba na anatungoja tushuke.

Basi tukitoka, tusipande kwanza kwetu kula. Kila mtu apitie kwa yule wake wa chini, abishe hodi kabla ya kitu kingine chochote. Na akifungua mlango, usianze na salamu ndefu za kuzunguka. Mwambie, "Maji ni yangu." Kisha ukae, usikie na yeye atakalosema.